Si Umekaa Tu Hapo?

Waandishi waliofanikiwa wana tabia moja inayonikera: wakishamaliza vitabu vyao, badala ya kwenda kupumzika, wanaanza kutushauri sisi ambao hatujaanza. Na ushauri wenyewe ni ule ule. Andika kila siku. Saa ile ile, mahali pale pale. Hata kama huna la kuandika, kaa. Stephen King, Mmarekani anayewatisha watu kwa vitabu na bado wanamlipa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba kiwango chake ni maneno elfu mbili kwa siku. Haruki Murakami wa Japani, akiwa na riwaya mkononi, anaamka saa kumi usiku, anaandika kwa muda wa saa tano hadi sita, halafu anatoka kwenda kukimbia kilomita kumi au kuogelea. Nimesoma ratiba yake yote nikitafuta mahali anapotumwa dukani kununua kiberiti. Hakuna.

Anayeniudhi kuliko wote alishakufa zamani. Anaitwa Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, mtumishi wa posta. Kila siku kabla ya kwenda kazini, saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, saa yake ameiweka mbele yake, na kila robo saa lazima yatoke maneno 250. Kwa mwendo huo akaacha riwaya 47. Hakuficha, aliyaandika mwenyewe katika wasifu wake uliochapishwa 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, pengine kwa kujua kwamba angekuwa hai tungemfuata nyumbani.

Habari hiyo niliipenda, nikawasomea watu wa nyumbani, nikatangaza kwamba kuanzia kesho na mimi ni wa alfajiri. Mtu ni mtumishi wa posta, mimi ni karani wa ghala, tofauti iko wapi? Tofauti ilikuwa mistari michache tu mbele. Kulikuwa na mtumishi mzee aliyelipwa pauni tano za ziada kwa mwaka ili amwamshe bwana wake, na kila asubuhi kahawa inakuja, na haikuchelewa hata mara moja. Trollope mwenyewe anakiri kwamba huenda mafanikio yake anamwia deni mzee yule kuliko mtu mwingine yeyote. Kumbe riwaya zote zile zina siri, na siri yenyewe imeshika kikombe.

Sasa tuje kwetu Mbagala. Nina chumba na sebule katika nyumba ya kupanga yenye milango mingi na choo kimoja. Saa kumi na moja na nusu alfajiri katika nyumba hiyo ni saa ya foleni. Maji ya bomba yanaanza kutoka watu wamelala na yanakatika jua likichomoza, kwa hiyo muda huo uani pamejaa ndoo, kila ndoo ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana mdomo. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho anasema ndoo yake ilikuwa ya tatu, kuna mtu kaisogeza. Bibi wa vitumbua anasema ndoo haina haki, mwenye haki ni binadamu aliyesimama. Moshi wa jiko lake umeshaingia dirishani kwangu na kukaa kwenye kiti cha wageni. Mtoto wa jirani anatafuta soksi ya shule na anamtaja kila aliyewahi kuivaa.

Katikati ya hayo mimi nimeketi sebuleni na daftari kubwa la jalada gumu, lile wanafunzi wanaloita kaunta buku. Nimeandika: Mwanaidi alisimama mlangoni. Huyo ndiye mhusika wangu mkuu, mke wa nahodha, mwenyeji wa Pangani. Nimempa kanga nzuri na huzuni ya kutosha. Kabla hajanyoosha mkono kushika komeo, mama watoto anachungulia.

“Baba Zuhura, kumbe umeamka?”

Swali hilo ni mtego. Ukijibu ndiyo, umekwisha. Ukinyamaza, unaulizwa kama unaumwa.

“Basi si umekaa tu hapo, hebu kalinde dumu letu nimwandae mtoto.”

Nimelitafakari sana hilo la “si umekaa tu”. Mtaani kwetu mtu anayecheza bao anatumia akili. Anayesoma gazeti anafuatilia mambo ya nchi. Aliyelala chini ya gari bovu, miguu tu ndiyo inaonekana, yuko kazini, hata kama anakoroma. Lakini mtu mzima mwenye kalamu, anayetazama dari, huyo hana kazi, na kama anayo basi imemshinda. Mzee wa nyumba ya pili aliniona barazani na daftari, akasimama, akanitazama kwa huruma, akasema, “Pole, mwanangu. Ni deni la nani?” Nilipomjibu kwamba naandika hadithi alinipa pole nyingine.

Ndiyo maana hawa wanaosema tatizo la mwandishi chipukizi ni uvivu mimi siwaelewi. Mvivu angekuwa amelala. Mimi naamka, na kosa langu ni kuonekana macho. Nyumba nzima inajua kwamba mtu aliye macho na hajashika jembe, sufuria wala usukani ni mali ya umma. Atabeba. Ataita. Atashika mtoto. Ataangalia maziwa yasichemke yakamwagika, na yakimwagika ataulizwa alikuwa anafanya nini, na hapo hawezi kusema alikuwa Pangani.

Nikahamia usiku. Usiku una tamthilia. Ni zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ambamo bibi mmoja tajiri amekuwa akimtesa mkwewe tangu kabla ya mfungo na hajachoka. Meza ni moja. Upande huu Zuhura anafanya hesabu za shule, upande ule mdogo wake anachora nyumba yenye moshi, na kalamu inayoandika vizuri ni ile niliyoshika mimi, kwa hiyo ndiyo inayotakiwa. Tukifika mahali pazuri yuniti za umeme zinaisha. Wa kutoka kwenda kununua ni nani? Ni yule aliyekaa tu.

Nimejaribu kulalamika. Ni kosa kubwa kulalamika kwa mwanamke anayesikiliza redio mchana kutwa.

“Mwalimu Nyerere,” mama watoto alisema akipanga vyombo, “alikuwa anaendesha nchi nzima, na bado alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare. Wewe unaendesha nini?”

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ni kweli. Tafsiri ya Julius Caesar ilitoka 1963, Tanganyika ikiwa haijafikisha hata miaka miwili ya uhuru wakati mwaka ule unaanza. Mabepari wa Venisi ikafuata 1969, wakati kuna Azimio la Arusha la kusimamia, majirani wa kuwapokea, na nchi mbili zilizokwisha kuungana. Mtu huyo akirudi nyumbani usiku anakaa anatafuta namna ya kumfanya Myahudi wa Venisi adai ratili yake ya nyama kwa Kiswahili kinachoimbika. Nilipata hoja yangu baadaye, nikiwa kitandani, kama hoja zote nzuri: Mwalimu akiwa Msasani na kalamu yake, hakuna aliyethubutu kumwambia si umekaa tu hapo, kalete nyanya. Sikuisema. Mama watoto alikuwa bado hajalala.

Na tangu asikie kwamba kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayotolewa Aprili 13, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, hali imezidi kuwa ngumu. Kila Aprili ikikaribia ananiuliza, “Yule mwanamke ametoka mlangoni?”

Wengine nao wana mifano yao ya kunichoma. Shemeji yangu, ambaye hajaandika chochote tangu mtihani wa kidato cha nne, ananikumbusha Shaaban Robert. Eti naye alikuwa karani. Ni kweli, alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, tangu 1926 hadi 1944, na alikaa Pangani pia, ambako mimi nimemwegesha Mwanaidi. Huyo ndiye ninayemwogopa kweli, kwa sababu kwake kisingizio cha Uzungu hakifanyi kazi. Mshahara wa karani wa kikoloni, taa ya mafuta ya taa, wageni wa pwani wasioaga mapema, na bado mashairi, insha, visa na wasifu vinatoka. Nikimfikiria sana nafunga daftari.

Kuna mwingine ofisini anapenda kunitajia Ngũgĩ wa Thiong’o. “Mwenzio aliandika riwaya gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni, wewe una daftari la jalada gumu.” Aliandika kweli, mwaka 1978, akiwa kizuizini bila kesi, na riwaya hiyo tumekuja kuisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani. Mtu kuonewa namna ile si jambo la kulionea wivu na mimi silionei. Ila siku ambayo ndani ya asubuhi moja niliombwa mchango wa kitchen party, mchango wa sare za harusi na mchango wa basi la kwenda kwenye harusi hiyo hiyo, nilijikuta nauliza kimoyomoyo kama kamati inaruhusiwa kuingia Kamiti. Mungu anisamehe.

Mpwa wangu, kijana wa chuo, akaona dawa yangu ni teknolojia. Kwanza alinieleza habari za Wamarekani walioanza mwaka 1999, watu 21 tu, wakakubaliana kila mmoja aandike riwaya ya maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Baadaye mwezi wao ukawa Novemba na wakajiunga maelfu kwa maelfu duniani kote. Nikapiga hesabu: maneno 1,667 kwa siku, bila Jumapili. Novemba kwetu ni mvua za vuli, paa linavuja juu ya meza ile ile moja, na kila mwenye binti anataka kuozesha kabla ya mwaka kuisha. Mwaka 2025 taasisi yao ikatangaza kwamba inafunga. Kamati za harusi hazijatangaza.

Basi mpwa akaniwekea kwenye simu programu ya kukumbusha. Ukiandika, inakuwashia moto mdogo. Usipoandika, inalia na kukuletea maneno ya simanzi. Iliamua kulia tukiwa msibani, nimeketi kwenye jamvi katikati ya wazee, dua imefika mahali pa kuitikia. Sauti ya kasuku ikatoka mfukoni kwenye kanzu, na kasuku mwenyewe ana furaha. Nikapapasa, nikabonyeza pasipo penyewe, ikalia tena. Imamu akanisubiri. Watu wote wakanisubiri. Marehemu mwenyewe nadhani alinisubiri. Mpwa wangu ananiambia programu ile ina watumiaji wengi wanaoisifu. Sina shaka. Hawafiwi.

Hivyo ndivyo nilivyoishia kwa mama lishe.

Karibu na kituo cha daladala kuna banda lake la turubai, mabenchi mawili na meza yenye kitambaa cha plastiki chenye maua. Nikitoka ghalani jioni, foleni ya magari huwa imefunga, kwa hiyo kukaa pale hakumnyimi mtu chochote. Niliagiza chai ya rangi na chapati, nikafungua daftari, nikaandika: Mwanaidi alisimama mlangoni. Nilipoinua macho, muuza mahindi ya kuchoma alikuwa amehamisha jiko lake. Wauza mitumba walikuwa wanakunja maturubai. Kijana wa chipsi akanijia, mikono kaifuta kwenye aproni, adabu imemzidi.

“Shikamoo mzee. Samahani, unaandika majina ya kina nani?”

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu akiandika sebuleni kwake hana kazi, lakini akiandika kando ya barabara ana kazi inayotisha. Ni mtu wa ushuru, au wa kuhamisha wafanyabiashara, au mpambe wa mgombea. Nilimwambia natunga hadithi. Alitabasamu kwa namna ya mtu aliyedanganywa na mkubwa wake, akaniletea sahani ya chipsi bure. Nilikula. Naomba nisihojiwe kuhusu hilo.

Walipozoea kwamba hakuna anayehamishwa, wakabadilisha imani: yule mzee wa daftari ni mwandishi wa barua. Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda. Aliketi mbele yangu, akaweka helmeti juu ya Mwanaidi.

“Mzee, nataka barua ya posa. Mshenga anaondoka leo leo. Iwe na Kiswahili cha kwenda, baba yake ni mwalimu mstaafu, akiona kosa la herufi anarudisha barua na mshenga wake.”

Nilitaka kumweleza kwamba mimi ni mwandishi wa riwaya. Nikamtazama usoni, nikaona hana muda. Nikaandika. Kwa heshima na taadhima, tukatoa salamu, tukautaja ukoo, tukaeleza nia, tukaomba majibu yenye baraka. Ilikamilika kabla chai yake haijapoa. Mimi ambaye kwa miezi mingi nimeshindwa kumvusha mwanamke kizingiti, nilimfikisha kijana wa watu hadi sebuleni kwa mkwe bila kufuta hata mstari.

Aliisoma akitikisa midomo. “Mbona hukuweka ua?”

“Ua gani?”

“Lile ua tuliloliona katika bustani yao.”

Nikamweleza kwamba ua hilo limechumwa na kila mposaji tangu ukoloni, kwamba barua nzuri inaweza kusimama bila bustani, kwamba hata mwalimu mstaafu atashukuru kupumzishwa. Alinisikiliza kwa heshima zote, akasema, “Sawa mzee. Weka ua.” Nikaweka. Akatoa elfu mbili, na kabla haijafika mkononi kwangu mama lishe aliichukua, akasema ni ya chapati za wiki iliyopita.

Nimejiuliza usiku kucha kile kilichotokea, na jibu nililopata halipo kwenye ratiba ya Murakami. Kijana yule alikuwa amekaa mbele yangu anasubiri. Basi. Zile hadithi tulizokua nazo magazetini, zenye “itaendelea” pale pale ambapo kisu kimeinuliwa, zilikuwa na watu wanaozisubiri: mhariri anapiga simu, mtambo unataka karatasi, msomaji Jumapili ijayo atamlaani mwandishi kwa jina. Trollope alikuwa na mzee na kahawa yake, amesimama mlangoni, anajua saa. Mimi Mwanaidi wangu hakuna aliyekuwa anamsubiri isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nalinda dumu.

Barua zikafuata moja baada ya nyingine. Barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Barua kwa mwenye nyumba kuhusu choo. Mkataba wa kuuziana pikipiki, wenye kipengele cha kioo cha pembeni kilichopo na kisichokuwepo. Nyumbani habari ikafika, pamoja na kiasi. Sasa mama watoto ananiamsha mwenyewe. “Baba Zuhura, leo huendi kuandika?” Kahawa hakuna, lakini dumu analinda yeye.

Tatizo ni mama lishe. Siku moja nilikuwa sina mteja, akaniuliza ninachoandika nisipoandika barua. Akaniamuru nisome. Nikasoma, yeye anamenya vitunguu.

“Amesimama mlangoni,” alisema.

“Ndiyo.”

“Anafanya nini?”

“Anatafakari.”

“Ana kitu motoni?”

Sikuwahi kulifikiria hilo. Akaweka kisu chini. “Mwanamke mwenye nyumba yake hasimami mlangoni kutafakari. Akisimama, ama anamkimbia anayemdai, ama kuna mtu anapita anataka amwone. Huyu wako yupi?”

Niliudhika, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma ushauri wa King na Trollope na yeye hajasoma. Kisha nikaandika kurasa nne bila kuinua kichwa, na daladala zangu mbili zikapita. Mwanaidi anadaiwa. Anadaiwa na ndugu wa mumewe, na mlango ule hauna komeo kwa nje.

Tangu hapo sina raha. Kila jioni benchi limejaa. Kijana wa bodaboda, aliyejibiwa posa yake, anataka nahodha anunue injini. Kijana wa chipsi anamshuku shemeji mtu. Muuza mahindi anasema Pangani amefika, na njia niliyoiweka nyuma ya msikiti haipo. Nisipokuwa na kurasa mpya, mama lishe anasema chai ya mkopo imekwisha, na birika analiona kila mtu limejaa.

Jana ametoa ratiba. Yule shemeji anayemdai Mwanaidi ameshachosha, anatakiwa afe, na afe Ijumaa.

“Mama,” nikamwambia, “kifo kinahitaji kuandaliwa. Nipe hadi Jumatatu.”

“Jumamosi na Jumapili nina shughuli Kigamboni, sipo,” alisema akifunika sufuria. “Na mtu hafi nikiwa sipo.”